Nyota Zilipotoka Begani

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Nshasali, nshakunywa chai, nshalisugua bizimu la mkanda kwa ndimu na jivu. Linang'ara mpaka mke wangu Bi Mize anaweza kupaka wanja kwa kutizama tumbo langu. Ndimu imeniponyoka mara mbili. Ndimu za siku hizi zina utelezi.

Mazoezi ya brigedi yetu ya vijana asubuhi, uwanja wa skuli, hapa hapa Kikwajuni. Vijana wamechelewa lakini wamejaa. Nkawapigisha kwata mpaka vumbi likaomba radhi. Kapteni Makame nikisema "mguu sawa", hata kuku wa jirani husimama.

Mapumziko nkawapa ile ya ng'ombe wa Mwanakwerekwe. Gwaride limepamba moto, dume limekata kamba, linatujia mbio, pembe hizo. Watu wote wamekimbia. Mie peke yangu nimesimama, nyota tatu begani, nkalitolea sauti: "Nyuma geuka!" Likageuka. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Mize husema hakuwa ng'ombe, alikuwa mbuzi, na aligeuka kwa kuwa mwenye mbuzi alimwita. Bi Mize hakuwepo.

Luteni Zuhura alikuwa pembeni anachekea chini kwa chini. Huyu nlimpokea hajafika kiunoni mwangu. Hajui kulia wala kushoto, nkamfunga uzi mwekundu mkono wa kulia. Leo anasomesha skuli na ana nyota mbili. Mwisho wa mazoezi alinifata kama mwenye neno. Hakulisema. Akaaga, akaenda zake.

Nimechoka. Miguu si kitu. Mikono ndiyo mizito.

Jumatatu, 4 Novemba

Ussi kinyozi ndiye alonipa khabari, mkasi ungali masikioni kwangu. Kinyozi hujua kabla ya wakubwa. Ati makao makuu ya brigedi wametoa waraka wa vyeo, na wazee wengine tutapigwa panga.

Nkamwambia, Ussi, kata nywele, mambo ya nyota tuachie wenye nyota.

Akasema, "Zikate basi mapema, Kepteni, zisije zikaondoka na kichwa."

Baraza zima wakacheka. Nami nkacheka. Mie ndiye nlompa Ussi jina la Shoka, basi ana haki yake. Lakini nlirudi nyumbani nusu ya nywele ndefu, nusu fupi. Nliondoka kabla hajamaliza.

Jumanne, 5 Novemba

Ni kweli.

Zuhura ndiye aliyetusomea waraka. Kusoma najua, nlijifunza ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, lakini maneno ya waraka yana mikia kama vishada. Mtu unashika kichwa, mkia uko Mlandege.

Kwa ufupi. Kuanzia sasa afisa wa brigedi awe na cheti cha kidato cha nne, awe amepita kozi, na asizidi umri. Mie cheti changu ni cha kuzaliwa, nacho kimeliwa na mchwa. Wazee tumepewa njia mbili. Ya kwanza, ustaafu, uondoke na cheo chako, uitwe Kapteni mstaafu, picha yako itundikwe ofisini. Ya pili, ubaki, uvue nyota, uitwe mlezi, usimame safuni kama wenzako chini ya kapteni wa kikosi.

Sababu yao wameitaja. Vyeo vimekuwa kama njugu. Tawi moja lina meja wengi kuliko vijana. Hilo siwezi kulikataa. Nlishamuona meja mmoja akijipigia saluti kwenye kioo kwa kukosa mdogo wake.

Lakini mie si meja wa kioo.

Kapteni wetu sasa atakuwa Zuhura. Si moja kwa moja. Atashika kwa muda mpaka Afande Shaame wa makao makuu aje amuone anavyoamrisha. Akipita atavikwa nyota ya tatu. Asipopita, analetwa mtu kutoka kwengine.

Zuhura alisoma mpaka mwisho bila ya kuniangalia. Kumbe ndilo neno alokuwa nalo Jumamosi.

Nimeumia. Basi.

Ijumaa, 8 Novemba

Tokea msikitini watu wananiuliza. Mie najibu mzaha. Mmoja nkamwambia nyota zangu zinakwenda kuoshwa. Mwengine nkamwambia nimepandishwa, sasa nnavaa mwezi.

Nyumba hii ni kwa Kepteni. Ukija na mgeni ukauliza kwa Makame, hakuna atakayekuonesha, Makame wako wengi kama dagaa. Bi Mize ni Bi Kepteni. Muuza samaki wa Darajani humwita hivyo na humchagulia changu wa macho meupe. Bandarini nlibeba magunia maisha yangu yote, hakuna aliyenijua kwa gunia. Brigedi ndiyo iliyonipa jina.

Nkamwambia Bi Mize ntastaafu. Ntaondoka na jina langu, changu wake watabaki weupe wa macho.

Akauliza, "Ukistaafu utakuwa wapi Jumamosi na Jumanne?"

Nkamwambia, hapa nyumbani na wewe, mke wangu.

Akaendelea kupepeta mchele. Kisha akasema, "Makame, mie nnakupenda. Lakini si kutwa."

Mtumbatu huyu. Nami mtu wa Makunduchi nimeyataka mwenyewe, wazee walinionya.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimebaki. Nimekuwa mlezi.

Nlisema mbele ya vijana, kwa mzaha, kwamba nyota zimenichosha bega, nnataka kupumzika, nabakia na ngoma kubwa tu. Vijana wakapiga makofi. Zuhura hakupiga. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika sahani ya mtu.

Ngoma kubwa nakwenda kuivaa mwenyewe. Hakuna anayeipiga kama mie. Nikiipiga hapa, Pemba wanatafuta mwavuli.

Jumapili, 10 Novemba

Nlitaka kuzifumua nyota mwenyewe. Uzi mwembamba, sindano ndogo, vidole vinene. Bi Mize akaninyang'anya shati.

Alizitoa zote bila kuchana nguo. Akaziosha, akaziweka kwenye kikopo cha hiliki. Shati limepauka kwa jua, lakini pale zilipokuwa nyota pamebaki rangi yake ya mwanzo. Kila bega madoa matatu. Nkamwambia, tizama, zimetoka na hazijatoka.

Hakucheka. Alipiga shati pasi upande wa ndani.

Jumanne, 12 Novemba

Leo nimecheka. Siku nyingi sijacheka hivi.

Mazoezi ya mwanzo chini ya Zuhura. Sauti anayo, mashaallah, watoto anawageuza kama chapati. Akifika kwangu sauti inazama. Nipo mwisho wa safu, ngoma tumboni. Wenzangu wote wameambiwa "kulia geuka!" Mie nkaambiwa, "Mwalimu, samahani, na wewe kulia."

Nkageuka taratibu kama bwana harusi.

Kisha ukaguzi. Kanuni mpya inajulikana, mdogo wa cheo ndiye anayeanza saluti. Mdogo wa cheo mie. Lakini mdogo wa umri ndiye anayeanza shikamoo, na hiyo haikuletwa na waraka. Zuhura akafika mbele yangu. Mkono wangu ukapanda kwenye kofia, na yeye goti limeshakunjika, "Shikamoo mwalimu." Mimi mkono juu, ulimi unataka kusema marahaba, bega linataka kusimama sawa. Tukabaki tumetizamana.

Watoto wakadhani ndiyo utaratibu mpya. Safu nzima kwa sauti moja: "Shikamoo babu!"

Gwaride likafa. Mmoja alicheka mpaka akaangusha bendera.

Zuhura naye alicheka, ila macho hayakucheka. Na mie, hapa nasema kweli, nlifurahi. Nlifurahi sana. Nyota wamechukua, lakini shikamoo yangu hawana pa kuipeleka.

Alkhamisi, 14 Novemba

Mvua ya vuli kutwa. Hakuna baraza. Vidole vya mkono wa kulia vimelala tangu alfajiri, viwili vya mwisho. Bi Mize kaniuliza mbona nnakula kwa kijiko. Nkamwambia ni ustaarabu.

Jumamosi, 16 Novemba

Afande Shaame alikuja bila ya kutoa khabari. Kijana mwembamba, mpole, nguo zimenyooka kwa pasi. Nlikuwa tayari kumchukia. Alinipa shikamoo ya heshima kabla ya gwaride, nkakosa pa kuanzia.

Akasimama kivulini, akatizama.

Yakawa yale yale. "Mwalimu, samahani." "Mwalimu, kama hutojali." Kwenye ukaguzi shikamoo ikamponyoka tena, na watoto wakaipokea. Safari hii hakuna aliyecheka ila watoto.

Shaame akatuita pembeni, mie na Zuhura. Hakupandisha sauti. Akasema kikosi hiki kina makapteni wawili na mmoja hana nyota. Akasema Jumamosi ijayo atarudi, na atakachotizama ni kimoja, kama Zuhura anaweza kumuamrisha kila aliye safuni. Asipoweza, anamleta mtu wa nje. Akanigeukia mie.

"Mzee wangu, au ukae nyumbani siku hiyo. Itakuwa rahisi kwa mtoto."

Nkamwambia ntafikiri.

Nlimuona Zuhura nyuma ya banda la skuli, amefunika uso kwa mtandio. Hakuniona. Nkapita upande wa pili.

Barazani kikombe cha kahawa kikaniponyoka, kikavunjika. Ussi akasema, "Afadhali kikombe, mlezi, ingekuwa bunduki tungekwisha." Nkamwambia vikombe hivi kavitengeneza mtu asiyekunywa kahawa.

Jumapili, 17 Novemba

Sikutoka. Nimekaa uwani natizama kuku.

Nimelipima. Nikikaa nyumbani Jumamosi, mtoto anapita. Hilo jepesi. Anavikwa nyota, kila mtu anarudi kwake. Lakini mwezi mwengine atakuja mzee mwengine safuni, au baba wa mtoto, au mkubwa wa mtaa, na yeye atamwambia samahani, kama hutojali. Atakuwa kapteni wa watoto wadogo tu. Shaame mwenyewe atalijua, wataleta mtu.

Na kosa ni langu. Nani aliyemfundisha kwamba mwalimu haongeleshwi ila umekunja goti? Mie. Nlimpiga kibao kimoja akiwa na miaka kumi kwa kuniita "wewe". Nlikuwa nna haki, na leo haki hiyo imekaa mbele yake kama ukuta.

Nliwageuza watoto wa Kikwajuni miaka na miaka. Nlimgeuza ng'ombe. Sasa nimfundishe huyu anigeuze mie.

Nimempelekea salamu aje.

Jumanne, 19 Novemba

Zuhura alikuja baada ya alasiri, mvua iliyotuzuia mazoezi imekatika. Amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, magoti pamoja, kama aliyekuja kuposwa.

Nkasimama katikati ya uwa, tumboni ngoma niloichukua banda la skuli. Nkamwambia, haya, mimi si mwalimu, mie ni kijana mkaidi wa Mlandege, niamrishe.

"Mguu sawa, mwalimu."

Nkamwambia, ondoa mwalimu.

"Mguu sawa... babu."

Ondoa na babu!

Akasema polepole, "Siwezi, mwalimu. Mama yangu akisikia atanikatia radhi."

Tukajaribu mpaka nkachoka kusimama. Kila amri ikitoka mdomoni mwake inakuja na mto wa kulalia. Nkaanza kukasirika kweli. Nkamwambia, kwani unaniogopa mie au unaniona mgonjwa? Machozi yakamlenga.

Bi Mize alikuwa jikoni anatizama kwa dirishani muda wote. Akatoka na unga mikononi.

"We Makame! Ndoo umeiacha njiani tena! Iondoe! Sasa hivi!"

Nkajikuta nshainama. Ngoma tumboni, nshaishika ndoo, nshaipeleka ukutani, na nimerudi pale pale nimesimama sawa. Sikufikiri hata kidogo.

Bi Mize akamgeukia Zuhura. "Umeona? Mie huyu nnampa shikamoo?" Zuhura akatikisa kichwa. "Nnamtukana?" Akatikisa kichwa. "Usizitizame mvi zake, mwanangu. Itizame ndoo."

Akarudi jikoni.

Zuhura alianza kucheka, akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nami nkacheka. Lakini ndani, nlikuwa nawaza kumbe miaka yote hii kapteni wa nyumba hii ni nani.

Alkhamisi, 21 Novemba

Amekuja tena. Bi Mize naye kavuta kiti. Sasa nna maafande wawili.

Zuhura amepata shida yake ilipo. Nikisimama vizuri hana cha kusema, ananiona mwalimu tu. Nikiwa na kosa analiona kosa. Ndoo, kama alivyosema Bi Mize. Basi mafunzo yetu yakawa mie nifanye makosa.

Hii ni kazi ngumu kuliko magunia. Mie kukosea sijui. Nkiambiwa kulia, mwili unakwenda kulia wenyewe. Bi Mize kasema si kweli, ati makosa yangu angeyapanga angefika Malindi. Nkakosea mara ya mwanzo, Zuhura akasema "hee". Mara ya pili akasema "Wewe!" na papo hapo akaziba mdomo, akakimbilia chumbani kwa Bi Mize. Wakakaa huko. Nkawasikia wanacheka.

Kabla ya magharibi alinikamata kweli. Nligeuka kushoto, akapasua: "Wewe wa ngoma! Nimesema kulia!" Kuku wakaruka ukuta.

Nkamwambia vizuri. Nkamwambia nenda nyumbani.

Alipoondoka nkakaa. Maneno yale mtu hajaniambia tangu nlipokuwa kuli kijana. Nlimtaka aseme. Amesema. Yamenichoma.

Ijumaa, 22 Novemba

Tumepatana, mie na Zuhura. Kesho, amri ya tatu, nikiambiwa kulia nageuka kushoto. Yeye anikamate mbele ya Shaame. Kila mtu ana kazi yake.

Ussi kanyoa upande ulobaki. Kaniuliza kama kesho ntakwenda au ntajificha. Nkamwambia njoo utizame, utaona mtu anavyokosea kwa ufundi. Hajanielewa. Nusu ya mtaa itakuja.

Mkono mzito. Nimeupasha kwa maji ya moto.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika kidogo.

Watu walijaa. Ussi amekaa mbele kabisa, kafunga duka. Shaame pale pale kivulini. Zuhura kaupanga mstari, sauti safi. Amri ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Tukaambiwa tutembee, ngoma nipige mie, kisha ndiyo ije ya tatu, ile yangu.

Haikufika.

Tulikuwa tunatembea. Nlipiga, nkapiga, na mkono wa kulia ukawa si wangu. Mkwiro wa kupigia ngoma ukaondoka. Nliuona unaviringika vumbini, ukasimama kwenye kiatu cha mtoto wa nyuma. Hatua zikavurugika. Safu ikagongana.

"Kikosi simama!"

Safu ikasimama, mkwiro uko vumbini.

"Wewe wa ngoma! Okota!"

Nkainama. Ngoma inanizuia tumboni. Nkaushika, ukateleza. Nkaushika tena. Nlitaka aseme mwalimu. Nlitaka aseme samahani, kama hutojali. Walahi nlitaka.

"Upesi! Watu wanakusubiri!"

"Naam, afande."

Nkaupata kwa mkono wa kushoto. Nkasimama sawa. Akaniangalia usoni, macho makavu, kisha akawaambia wote, "Mbele tembea," na nkapiga kwa kushoto mpaka mwisho wa uwanja.

Shaame alimvika nyota ya tatu pale pale. Watu wakapiga vigelegele. Shaame akaja akanishika bega, pale penye madoa, akaninong'oneza, "Mzee, umemsaidia sana. Nimeona."

Barazani Ussi akawa ananiigiza mkwiro ulivyoniponyoka. Akasema, "Shetani wewe, umeangusha makusudi kumpa mtoto nafasi! Hata mie nlitishika!" Wote wakanisifu. Nkawaambia, sasa mlidhani nini? Kuangusha mkwiro penye watu ni ufundi, lazima ujue upepo unatoka wapi. Nkawaeleza namna ya kulegeza kidole kimoja kimoja. Wakacheka, wakanilipia kahawa.

Hapa tu ntasema. Sikuangusha. Kosa la kushoto na kulia ndilo tulilopanga. Mkwiro ulikwenda wenyewe. Vidole havikuniambia kitu.

Jumapili, 24 Novemba

Zuhura kaja na mkate wa kumimina, umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Hakuvaa sare. Nlimfungulia mlango nkasimama mguu sawa, nkampigia saluti ya mzaha.

Akakunja goti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, afande."

Tukacheka. Akauchukua mkono wangu wa kulia kuubusu, kama siku zote. Safari hii hakuuachia upesi. Alikuwa kama anaupima uzito.

Akasema, "Ahsante kwa jana."

Nkamwambia, kazi ndogo hiyo, ningetaka ningeangusha na ngoma.

Hakucheka. Akamtizama Bi Mize. Bi Mize akasema chai inapoa.

Walikaa jikoni muda mrefu. Mie nlikula mkate. Mzuri, ila sukari kaipunguza.

Alipoondoka Bi Mize alileta mafuta ya karafuu, akakaa pembeni yangu, akanisugua vidole kimoja kimoja. Nkangoja aniulize. Hakuniuliza. Nkaanza ile ya ng'ombe, kwa kukosa la kusema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye "nyuma geuka" hakusema mbuzi.

Hapo ndipo nlipoogopa.

Jumatano, 27 Novemba

Mtoto wangu wa Mwanakwerekwe kanipeleka hospitali. Daktari kijana, kaniuliza mengi, kanigonga magoti kwa nyundo. Kasema mishipa ya shingo imebana, na kazi ya kupiga ngoma niipunguze. Nkamuuliza, na kusema je? Akasema kusema sina tatizo. Bi Mize akamwambia, "Hilo tatizo letu sie."

Dawa asubuhi na jioni. Ngoma sijamwambia mtu kama ntaiacha. Ntakwenda Jumamosi kama kawaida. Niiache halafu niwe nani?

Jumamosi, 30 Novemba

Nshasali, nshakunywa chai. Bizimu nimelisugua kwa mkono wa kushoto. Halikung'ara sana.

Nlifika uwanjani mapema, nkaenda moja kwa moja kwenye banda kuchukua ngoma kubwa. Haikuwepo. Kaivaa msichana mmoja wa safu ya nyuma, mnene wa mashavu, anaitizama kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Nkamwambia, vua.

Zuhura akaja kutoka nyuma. Nyota tatu, kofia sawa. Sikuzisikia hatua zake. Nkageuka kumpa mzaha.

"Mlezi!"

Sauti ile ile ya Jumamosi ilopita. Watoto wote wakageuka.

"Leo unafundisha ngoma kwa mdomo. Kaa kitako pale."

Nkafungua mdomo. Nlikuwa nna la kusema. Nlikuwa na mengi. Nkamtizama machoni, naye hakuyaondoa. Hakusema samahani. Hakusema mwalimu. Alisimama kama nlivyomfundisha, visigino pamoja, mikono ubavuni.

Nkamwambia, "Naam, afande."

Nkaenda nkakaa. Nkampigia yule msichana kwa mdomo, du, du, ka, du. Mwanzo hakujua. Mwisho alijua kidogo. Mapumziko watoto wakaja kunizunguka wanataka ng'ombe wa Mwanakwerekwe, nkawapa.

Kiti kilikuwa kivulini. Juu yake kuna mto mwekundu wa maua. Nliukalia asubuhi nzima kabla sijautizama.

Ni wetu, Bi Mize aliushona. Nlipotoka nyumbani ulikuwa sebuleni.